Programu Fupi Kuliko Zote

Katika historia ya kompyuta kuna bingwa mmoja wa ajabu. Alishinda mashindano mawili, lakini hakuna pambano hata moja alilomzidi mpinzani wake pointi. Mimi ni mwandishi wa habari, hesabu si fani yangu, ila kisa hiki nimekirudia mara kadhaa na bado kinanivuta.

Mchezo wenyewe unaitwa mtanziko wa mfungwa. Ulibuniwa 1950 katika taasisi ya RAND, Marekani, enzi ambazo Washington na Moscow zilikuwa zikiviziana, kila moja na bomu lake la nyuklia. Wachezaji ni wawili, na kila mmoja anachagua kimyakimya: nishirikiane au nisaliti? Mkishirikiana, kila mtu anapata 3. Mkisalitiana, moja moja. Ukimwamini mwenzio naye akakugeuka, yeye 5, wewe huna kitu.

Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Michigan, akaona badala ya kubishana, tuache kompyuta zicheze. Akawaomba wasomi wamtumie programu. Zikaja 14, na matokeo akayachapisha 1980. Kulikuwa na ujanja wa kila aina humo, programu za kuvizia, za kumpima mwenzake kwanza halafu zimnyonye. Zote zikapigwa na iliyokuwa fupi kuliko zote. Iliandikwa na Anatol Rapoport wa Toronto, mwanahisabati aliyeanza maisha kama mpiga piano na aliyeipinga waziwazi vita ya Vietnam. Anza kwa kushirikiana, kisha mtendee mwenzako alichokutendea raundi iliyopita. Basi! Nipe nikupe; ukininyima nakunyima, ukirudi yameisha.

Axelrod akatangaza mashindano ya pili. Safari hii zikaja programu 62, na kila mtu alishajua nani wa kumpiga. Rapoport akaleta ileile, bila kubadilisha kitu. Akashinda tena. Siri ni kwamba wakorofi walipokutana wao kwa wao walikamuana hadi wakabaki na moja moja, wakati yeye aliokota tatu tatu kwa kila aliyekubali amani.

Watu wengi huishia hapo, wakaondoka na furaha yao. Mimi naona sehemu tamu ndiyo inaanza. Programu hiyo ina ugonjwa: wakikutana mapacha wawili wa aina hiyo, mmoja akasaliti kwa bahati mbaya tu, watalipizana kwa zamu bila kikomo. Hakuna wa kusema yaishe. Hapo ndipo watafiti wa baadaye walipogundua kuwa kusamehe mara mojamoja kunalipa.

Halafu 2004, mashindano yakarudiwa kuadhimisha miaka 20. Timu ya Chuo Kikuu cha Southampton ikaleta programu 60 kwa mpigo. Zilipokutana zilitambuana kwa mpangilio maalumu wa hatua za mwanzo, kama nenosiri la mlangoni. Zikishajuana, moja inajitoa mhanga ili nyingine ivune 5 kila raundi. Zikikutana na mgeni, zinamharibia. Southampton ikachukua nafasi tatu za juu. Lakini lisome jedwali kuanzia mkiani, nako utawakuta Southampton haohao, wamejipanga.