Kunuka si Kuugua

Juni 1858 wabunge wa Uingereza walishindwa kukaa ndani ya bunge lao wenyewe. Jengo lilikuwa jipya, la kifahari, limejengwa ukingoni mwa mto Thames, na mto huo ulikuwa umegeuka choo cha watu zaidi ya milioni mbili. Joto lilipopanda maji yakashuka, kinyesi kikabaki kwenye matope kinachemka juani. Mapazia ya bunge yakachovywa kwenye chokaa ya klorini ili yachuje hewa inayopita madirishani. Haikusaidia sana. Wabunge waliokuwa wamelivuta suala la mitaro ya maji taka kwa miaka na mikaka walipitisha sheria yake kwa siku 18 hivi. Pua ilifanya kazi ambayo maelfu ya maiti hayakuweza kuifanya.

Maana maiti yalikuwepo. Kipindupindu kilikuwa kimeua Walondon kama 14,000 mwaka 1848 na 1849, kikarudi 1853 na 1854 kikaua tena zaidi ya 10,000. Na kila mtu mwenye cheo alijua sababu, au alidhani anajua: harufu. Nadharia ilikuwa kwamba vitu vikioza hutoa mvuke wenye sumu, na mvuke huo ndio ugonjwa wenyewe. Edwin Chadwick, mtu aliyesukuma sheria za afya ya umma kuliko mwingine yeyote wakati huo, aliiambia kamati ya bunge mwaka 1846 kwamba harufu yoyote ikiwa kali ni ugonjwa. Si dalili ya ugonjwa, si mlango wake. Ni ugonjwa.

Kwa hiyo alipotaka kuuondoa uvundo majumbani alihimiza mashimo ya choo yamiminwe mtaroni, na mitaro ikamiminwa mtoni. Mto ndio watu waliokuwa wakiuchotea maji ya kunywa. Hebu fikiria: walisafisha hewa kwa kuyatia maji sumu, na walifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Daktari mmoja, John Snow, alikuwa anasema kinyume tangu 1849. Mwaka 1854 alionyesha jinsi vifo vya mtaa wa Soho vilivyozunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Watu zaidi ya 600 walikufa pale. Alisema kipindupindu kinamezwa, hakivutwi puani. Wengi wa wakubwa hawakumsikiza. Kisha ikaja hiyo Juni ya 1858, mwezi ambao London ilinuka kuliko wakati wowote katika historia yake, na kipindupindu hakikuja. Mji mzima ulinuka na watu hawakufa zaidi ya kawaida. Ushahidi wa waziwazi kiasi hicho ni nadra kuupata, na Snow hakuupata: alikufa kwa kiharusi tarehe 16 Juni, uvundo ukiwa unaanza kupamba moto.

Kichekesho ni kwamba mitaro iliyojengwa na mhandisi Joseph Bazalgette ili kuondoa harufu ndiyo iliyokiondoa kipindupindu, kwa sababu ilipeleka kinyesi mbali na maji ya kunywa. Kipindupindu kiliporudi 1866 kilipiga mashariki mwa London, upande ambao mitaro yake ilikuwa bado haijakamilika. Sababu ilikuwa ya uongo, dawa ikawa ya kweli. Lakini usidhani bahati hiyo huwa inaangukia kila mtu.

Mwaka huohuo wa 1866 David Livingstone alikuwa Unguja, na harufu ya ufukwe ilimkera kiasi kwamba aliutungia mji jina la kejeli, Stinkibar. Mzaha huo umenukuliwa kwenye vitabu vingi kuliko mambo mengi ya maana yaliyoandikwa kuhusu Zanzibar. Mimi huwa naukumbuka kila nikisoma kuhusu nyumba za mawe za Lamu, ambako karne ya 18 choo kilikuwa ndani ya nyumba, na kwenye birika la maji pembeni waliwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Magofu ya Gedi yana vyoo na visima vya zamani zaidi ya hapo. Na ya hewa pia yalikuwa na utaratibu wake: chetezo, makaa, udi au ubani, moshi unazungushwa chumbani na kwenye nguo. Udi hauui kijidudu wala hauchuji kitu. Unafunika harufu kwa harufu, na nadhani mabibi waliokuwa wakifukiza walijua hivyo vizuri tu.  Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilipofika Zanzibar kupitia njia za misafara ya bara, aliyekifuatilia hatua kwa hatua alikuwa daktari Mskoti, James Christie, na kitabu chake cha 1876 kimejaa habari za bandari, misafara na watu wanaosafiri.

Sasa Nairobi. Mwaka 1902 tauni iliingia katika mji wa reli ambao haukuwa na hata miaka mitano. Tauni inasambazwa na viroboto wa panya. Panya hao walikuwa mji mzima, lakini macho na pua za wakubwa zilitua kwenye bazaar ya Wahindi, iliyobanana, yenye uchafu ambao hakuna aliyekuwa ameilipia mitaro ya kuuondoa. Ikachomwa moto. Mwaka 1913 akatumwa Profesa W. J. Simpson kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, na pendekezo lake kubwa halikuwa bomba wala mtaro. Lilikuwa kutenganisha rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na uwanja mtupu katikati. Wakati huo bakteria wa tauni na wa kipindupindu walikuwa wameshajulikana kwa darubini, si chini ya miaka 19. Nadharia ya mvuke mchafu ilikuwa imekufa maabarani. Kwenye ramani ya mji ilikuwa hai, safari hii mvuke ukiwa ni watu.

Wahindi walipigana na jambo hilo mpaka waraka wa Devonshire wa 1923 ukaachana na mpango wa kuwatenga mijini. Waafrika hawakupata waraka. Vijiji vyao kama Maskini na Mombasa vilibomolewa, wakaelekezwa Pumwani, mtaa ambao jina lake, ukiniuliza, lina kupumua ndani yake. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mtaa fulani unanuka, wa kubomolewa tu, nauliza kwanza mtaro wake ulipaswa kujengwa na nani.

Lakini turudi kwenye hewa, kwa sababu hewa nayo ina kesi yake na si yote ya uongo. Wakati London inahangaika, mkemia wa Glasgow, John Stenhouse, alikuwa anacheza na makaa. Makaa haya haya ya jiko. Alikuwa amegundua kwamba mzoga wa mnyama ukifukiwa kwenye unga wa makaa unaoza hadi mifupa bila chumba kunuka, na alikuwa nao mzoga wa namna hiyo ndani ya maabara yake. Mwaka 1854 akatengeneza kinyago cha kuvutia hewa kupitia makaa, na mwaka huohuo kichujio cha makaa kikawekwa kwenye chumba cha mahakama cha Mansion House, makao ya meya wa London, ambapo uvundo wa jirani ulikuwa unaingia kila siku. Uvundo ukakoma. Baadaye makaa yakawekwa kwenye matundu ya hewa ya mitaro ya maji taka.

Siri ya makaa ni matundu. Kuni zikiungua bila hewa ya kutosha zinaacha mifupa ya kaboni yenye vitundu visivyohesabika, na gesi inayopita inanata kwenye kuta za vitundu hivyo. Makaa yaliyotiwa nguvu kiwandani yana eneo la ndani la zaidi ya mita mraba 500 kwa kila gramu moja. Ukijaza kiganja umeshika uwanja wa mpira, kwa namna ya kusema. Ila vitundu vina mwisho. Vikijaa, makaa ni uchafu mweusi tu, na hapo ndipo vichujio vingi vya nyumbani hufia, kwa sababu hakuna anayebadilisha.

Na kuna kitu makaa hayafanyi. Kijidudu si gesi. Ni punje, na punje inahitaji kunaswa, kama vumbi. Hilo lilieleweka vizuri kupitia mwanafizikia John Tyndall, aliyekuwa akipitisha mwali wa mwanga kwenye hewa kuonyesha vumbi linaloelea, kisha akiichuja hewa hiyo kwa pamba mpaka mwali ukapotea. Mwaka 1871 alichukua kinyago cha Stenhouse akakiongezea pamba iliyolowa glisarini, kiwe cha wazima moto. Pamba kwa moshi na vumbi, makaa kwa gesi. Mambo mawili, kazi mbili. Karibu mashine yoyote ya kusafisha hewa unayoiona leo kwenye maduka ya Nairobi, hata iwe na taa za buluu na bei ya kukufanya ucheke, ndani yake ni Tyndall na Stenhouse: karatasi ya nyuzi zilizosongamana na tabaka la kaboni. Karatasi ile bora, inayoitwa HEPA, ilitokana na vita vya pili vya dunia na utafiti wa bomu la atomiki. Kipimo chake ni kunasa punje 99.97 kwa kila 100 zenye upana wa maikroni 0.3. Harufu inapita hapo kama haijaona kitu. Ukiwa na karatasi tu, choo kitanuka na hewa itakuwa safi. Ukiwa na makaa tu, choo kitanukia vizuri na virusi viko palepale.

Je, vinakuwa palepale kweli? Vya chooni? Mwaka 1975 Charles Gerba na wenzake huko Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba ukivuta maji ya choo, matone yenye vijidudu yanaruka hewani na kuja kutua chumbani baadaye. Kwa muda mrefu watu waliichukua habari hiyo kama ya kuchekesha. Kisha Hong Kong, Machi 2003.

Amoy Gardens ni maghorofa marefu ya Kowloon. Mwanamume wa miaka 33, mgonjwa wa figo, alilala kwa ndugu yake kwenye jengo E tarehe 14 na tarehe 19 Machi. Alikuwa na SARS na alikuwa anaendesha. Kufikia katikati ya Aprili wakazi 321 walikuwa wameambukizwa, na hatimaye wakazi 42 walikufa. Wengi hawakuwahi kuonana naye.

Wachunguzi walipofika waliangalia sakafu za bafu. Kila bafu lilikuwa na tundu la kutolea maji sakafuni, na chini yake bomba lenye kona iliyopinda, ambayo kazi yake ni kubaki na maji kidogo. Maji hayo ndiyo mlango. Ni teknolojia ya Alexander Cumming, fundi saa aliyeipatia hataza mwaka 1775 kwa ajili ya choo: mkunjo wa bomba na vikombe viwili vitatu vya maji, basi, hewa ya mtaroni haipandi. Lakini wakazi wa Amoy Gardens walikuwa wakipiga deki badala ya kumwaga maji sakafuni, kona zikakauka, mlango ukabaki wazi. Halafu wakawasha feni za kutoa hewa, zile za kuondoa harufu. Feni inavuta, bafu limefungwa, hewa itoke wapi? Ikatoka kwenye bomba la kinyesi, na matone yake, ikapulizwa nje kwenye uwazi wa katikati ya jengo na kupanda hadi madirisha ya ghorofa za juu.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanisumbua. Kifaa cha kuondoa harufu ndicho kilichobeba ugonjwa, na watu walikuwa wasafi. Chadwick angeshangilia kusikia kwamba hewa ya choo inaua kumbe, na Snow angeuliza imepita bomba gani.

Dawa yake, ukiniuliza, haiko kwenye mashine. Wengi wetu kwenye ploti tunatumia choo kimoja familia sita, na hapo hakuna soketi ya kuchomeka kitu. Ndiyo maana kazi ninayoiheshimu zaidi katika historia hii yote ni ya Peter Morgan, aliyefanya kazi kwenye maabara ya Blair, mji unaoitwa Harare siku hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichukua choo cha shimo akakiwekea bomba refu la hewa, linalotoka shimoni na kupita juu ya paa. Upepo ukipita kwenye mdomo wa bomba unavuta hewa ya shimoni juu, na hewa safi inashuka kupitia tundu la kukalia. Harufu inatoka bila umeme. Kibanda kikiwa na giza ndani, nzi aliyezaliwa shimoni anafuata mwanga wa bomba, anapanda, anakutana na wavu, anafia hapo. Kwenye jaribio moja la siku 78, choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba kilitoa 146.

Vyoo hivyo vimejaa Kenya, hasa mashuleni, na unaweza kuvitambua kwa bomba lile jeusi au la kijivu. Kitu cha kwanza kuharibika huwa ni wavu. Jua na gesi ya shimoni vinaula, unatoboka, na kuubadilisha kunahitaji ngazi, kipande cha wavu kisichoshika kutu na mtu mmoja wa kupanda. Ukipita shule yoyote inua macho uangalie. Mara nyingi bomba lipo na wavu haupo, na nzi wanatoka kwa juu badala ya mlangoni.