Historia ya Zana za Kufuatilia Njia za Mtandao katika Mifumo Endeshi ya Unix, Windows na Linux, 1987–2006

1.0 Utangulizi

Zana za kufuatilia njia za mtandao ni programu ndogo zinazoorodhesha ruta ambazo pakiti hupitia kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, orodha hizo zimetumiwa na mafundi kutafuta hitilafu, na baadaye zikatumiwa na watafiti kama ushahidi wa umbo la intaneti. Mara nyingi ushahidi huo hutajwa bila kuelezwa ulipatikana kwa mfumo endeshi upi. Insha hii inadai kwamba upungufu huo si mdogo. Programu ya traceroute ya Unix na ile ya tracert ya Windows zina lengo moja, lakini zilizaliwa katika mazingira tofauti na hutuma pakiti za aina tofauti. Kwa sababu hiyo, zinaweza kutoa majibu yasiyolingana kuhusu njia ileile.

2.0 Chimbuko katika Unix

Msingi wa zana hizi uliwekwa Septemba 1981 katika hati za RFC 791 na RFC 792. Kila pakiti ya IP hubeba namba iitwayo muda wa kuishi. Kila ruta huipunguza namba hiyo kwa moja. Ikifika sifuri, pakiti hutupwa, na ruta huweza kumwarifu mtumaji kwa ujumbe wa ICMP. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzuia pakiti zisizunguke mtandaoni bila kikomo.

Steve Deering ndiye aliyetoa pendekezo la kuitumia kanuni hiyo kwa uchunguzi. Van Jacobson, wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, aliandika programu yenyewe mwaka 1987 na kuitangaza Desemba 1988. Traceroute hutuma pakiti zenye namba 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea; ruta ya kila hatua hujitambulisha kwa ujumbe wake wa kukataa.

Jacobson alitumia pakiti za UDP badala ya maombi ya mwangwi ya ICMP yanayotumiwa na ping, programu iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983. Sababu yake ilikuwa ya kihistoria. RFC 792 ilisema kwamba ujumbe wa ICMP hautumwi kuhusu ujumbe mwingine wa ICMP, na baadhi ya ruta za wakati huo zililifuata katazo hilo kwa upana wake wote. Ombi la mwangwi lililoishiwa muda lingetupwa kimyakimya. Pakiti za UDP zilielekezwa kwenye poti kuanzia namba 33434, ambako haikutarajiwa kuwapo huduma yoyote, ili kompyuta ya mwisho ijibu kwamba poti hiyo haifikiki. Jibu hilo ndilo lililoonyesha kuwa safari imekamilika.

3.0 Njia Tofauti ya Windows

Katazo la RFC 792 lilipunguzwa baadaye. RFC 1122 ya mwaka 1989, kwa upande wa kompyuta, na RFC 1812 ya mwaka 1995, kwa upande wa ruta, zilikataza kujibu ujumbe wa makosa wa ICMP, lakini hazikuyahusisha maombi ya mwangwi. Tracert, iliyokuwamo katika Windows NT na Windows 95, ilitumia maombi hayo ya mwangwi. Njia iliyokuwa na mashaka mwaka 1987 ikawa chaguo-msingi la mfumo ulioenea katika ofisi nyingi duniani.

Tofauti nyingine ilihusu mamlaka. Katika Unix, kusoma majibu ya ICMP kulihitaji ruhusa za msimamizi wa mfumo, hivyo programu ililazimika kupewa haki maalumu. Windows iliifanya kazi hiyo kupitia huduma ya mfumo wenyewe, na mtumiaji wa kawaida akaweza kuendesha tracert. Hata mipangilio ilitofautiana: tracert husubiri jibu kwa milisekunde 4000 na huishia hatua ya 30, ilhali traceroute ya macOS, yenye asili ya BSD, huruhusu hatua 64.

4.0 Linux na Ongezeko la Zana

Katika Linux, mahitaji tofauti yalizaa zana tofauti. Tracepath, ya Alexey Kuznetsov, haikuhitaji ruhusa za msimamizi, na ilipima pia ukubwa wa pakiti unaoruhusiwa njiani. Mwaka 1997 Matt Kimball aliandika mtr, iliyounganisha kazi za ping na traceroute katika jedwali linalojisasisha. Roger Wolff akaiendeleza baadaye. Windows 2000 nayo ilileta pathping, inayokadiria upotevu wa pakiti katika kila hatua.

Wakati huohuo ngome za mtandao ziliongezeka. Nyingine zilizuia UDP ya poti za juu na kuruhusu mwangwi. Nyingine zilifanya kinyume. Hivyo kompyuta mbili zilizo juu ya meza moja, moja ya Windows na nyingine ya Linux, zingeweza kuonyesha njia moja ikifika mwisho na nyingine ikiishia katika nyota tupu. Nyota hizo hazithibitishi kwamba kiungo kimekatika. Zinathibitisha tu kwamba jibu halikupokewa.

Mwaka 2006 Brice Augustin na wenzake waliwasilisha Paris traceroute na kufichua tatizo jingine. Ruta zinazogawa mzigo huchagua njia kwa kuangalia vichwa vya pakiti. Traceroute hubadilisha poti kwa kila pakiti. Kwa pakiti tatu katika kila hatua na hatua 30, hutumia hadi poti 90. Tracert nayo hubadilisha namba ya mfuatano, na pamoja nayo jumla ya uhakiki. Pakiti zinaweza basi kupita njia mbalimbali, na orodha ikaunganisha ruta ambazo hazina kiungo kati yao. Paris traceroute ilividumisha bila kuvibadilisha vipengele vya vichwa vinavyotumiwa na ruta kugawa mzigo.

5.0 Uzito wa Suala katika Afrika Mashariki

Kabla ya kebo ya SEACOM kufika mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti ya Afrika Mashariki na dunia yalipitia setilaiti. Kituo cha kubadilishana data cha Kenya, KIXP, kilianzishwa mwaka 2000, kikafungwa kwa agizo la mdhibiti, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Hoja ya waanzilishi wake ilikuwa kwamba data kati ya watoa huduma wawili wa Nairobi haikupaswa kuzunguka ng'ambo. Madai ya aina hiyo huthibitishwa au kukanushwa kwa orodha za ruta, na yanagusa sera na gharama. Orodha yenye kasoro ya zana inaweza kusomwa kama kasoro ya nchi.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba tofauti kati ya zana hizi hazikuwa za jina tu. Zilitokana na tafsiri ya kiwango, ulinzi wa mfumo na wakati wa kuundwa. Mtafiti anayetumia kumbukumbu za njia za mtandao anapaswa kutaja mfumo endeshi, programu, toleo lake na aina ya pakiti. Pale ambapo maelezo hayo hayapo, hatua zilizojibu zinaweza kukubaliwa kama ushahidi kwamba ruta hizo zilifikiwa, lakini mfuatano wake na ukimya wa hatua nyingine havitoshi kuthibitisha umbo la mtandao.