Zana za wingu: nguo ya kuazima haisitiri

Leo nataka tuzungumzie swali tunaloulizana sana sisi watengeneza programu hapa Mwembe Tayari: tutumie zana gani kuandaa seva zetu kwenye wingu? Wengi hutazama wepesi wa zana. Mimi natazama historia yake.

Tuanze na bahari yetu. Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa, Julai SEACOM ikaanza kazi, EASSy ikafuata 2010. Hapo kukodi seva ya ng'ambo ukiwa kisiwani kukawa jambo la maana.

Lakini seva zikiwa nyingi, nani atazipanga moja moja kwa mkono? Mwaka 1993 Mark Burgess wa Oslo alitoa CFEngine: unaandika hali unayoitaka, programu inaifikisha mashine hapo. Zikafuata Puppet (2005), Chef (2009) na Ansible (2012). Kazi yao kubwa ni kupanga mashine iliyokwisha kuwapo. Kuziumba seva zenyewe, Amazon ilileta CloudFormation mwaka 2011, ila kwa wingu lake. Mwaka 2014 HashiCorp ikatoa Terraform: lugha moja, mawingu mengi.

Sasa tazama mkasa. Agosti 2023 HashiCorp ilibadilisha leseni, na matoleo mapya ya Terraform yakaacha kuwa programu huria. Mtumiaji wa kawaida aliruhusiwa kuendelea, ila si anayeuza huduma ya kushindana nayo. Je, waliokwisha kujenga juu yake walipotea? La. Leseni ya matoleo ya zamani haikuweza kufutwa. Watu wakayachukua, na Septemba 2023 OpenTofu ikaingia chini ya Linux Foundation. Toleo lake la kutegemewa likatoka Januari 2024. Februari 2025 IBM ikakamilisha kuinunua HashiCorp.

Je, tatizo ni kununuliwa? Hapana. Ansible ilinunuliwa na Red Hat mwaka 2015, Red Hat ikanunuliwa na IBM mwaka 2019, na Ansible bado ni huria. Mwenye mali hubadilika; kinachokulinda ni haki iliyoandikwa kwenye leseni.

Wateja wangu ni maduka ya dawa na ofisi za kukatia tiketi za mabasi. Siku wakinichoka, au nikihama mji, wanapaswa kubaki na maandishi ambayo fundi mwingine yeyote anaweza kuyaendesha bila kuomba ruhusa kwa kampuni. Kwa hiyo naumba seva kwa OpenTofu, nazipanga kwa Ansible. Aliye na hakika hatatoka Amazon, CloudFormation inamtosha.

Kabla hujachagua zana, ndugu yangu, soma leseni kwanza.