Je, Ahadi ya Maji Ilitimia?

Mwaka 1904 huko Ngarambe Kinjikitile Ngwale alianza kugawa dawa ya maji. Aliahidi kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Watu waliochoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu walimwamini. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete, vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro.

Risasi hazikugeuka maji. Wadachi wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu 75,000. Wengi waliuawa na njaa.

Wengine husema: alidanganya. Wengine hujibu: dawa ilikuwa nzuri, ila wapiganaji walivunja miiko, au walianza kabla ya amri yake. Wengine husema ahadi ilitimia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru.

Wewe wasemaje? Kwanza uliza: ni nini hasa kilichoahidiwa? Uhuru ulikuja, lakini si kwa maji. Ukisikia sababu, uliza tena: ilisemwa kabla ya vita, au baada ya maziko?

Ukifika Mwembe Kinyonga, Kilwa Kivinje, wakumbuke walionyongwa. Ahadi ilishindwa, ushujaa wao haukushindwa.