Mama Mfanyakazi na Maziwa ya Mtoto: Tumetoka Wapi?

  Leo hatuzungumzii homa wala chanjo. Tunazungumzia saa za mama aliyeajiriwa: ni nani aliyempa nafasi ya kuwa na mtoto wake, ni nani aliyemnyima, na jambo hilo linahusianaje na maziwa yaliyomo kifuani mwake.

Tuanze na kisa ambacho huenda unakikumbuka. Tarehe 7 Agosti 2019, Mheshimiwa Zulekha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa jijini Nairobi akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano. Aliamriwa atoke. Kanuni za Bunge haziruhusu mgeni kuingia ukumbini, na mtoto yule, hata kama ni wa kunyonya, alihesabiwa kuwa mgeni. Wabunge wengine wanawake walitoka pamoja naye. Maelezo yake yalikuwa mafupi: siku hiyo alikuwa na dharura, na lau Bunge lingekuwa na chumba cha watoto angemwacha humo.

Sasa sikiliza ajabu yake. Bunge ndilo lililokuwa limepitisha, mwaka 2017, sheria inayomtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Tutairudia sheria hiyo. Kwanza turudi nyuma miaka 100.

Mnamo Oktoba 1919, wajumbe kutoka nchi nyingi walikutana mjini Washington, Marekani, katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani. Karibu wote walikuwa wanaume. Wanawake wa vyama vya wafanyakazi hawakungoja kukaribishwa; waliitisha mkutano wao wenyewe katika mji huo huo, siku zizo hizo, wakatoa madai yao. Mwishoni mwa Novemba ukapatikana mkataba wa kulinda uzazi. Ulisema kwamba mama wa kiwandani au wa biashara asifanye kazi kwa wiki sita baada ya kujifungua, aruhusiwe kupumzika wiki sita kabla, alipwe posho ya kumtosha yeye na mtoto, na akirudi kazini apewe nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Hebu fikiria, mama. Mwaka 1919!

Lakini huku kwetu, mwezi uo huo wa Oktoba 1919, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka tofauti kabisa. Machifu na maafisa waliagizwa wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na penye mashamba yaliyo karibu na vijiji, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda. Kuhimizwa na chifu wakati ule hakukuwa ombi. Wanawake na wasichana walichukuliwa kwenda kuchuma kahawa. Ule mkataba wa Washington haukumfikia hata mmoja wao, na Uingereza yenyewe haikuuidhinisha.

Kazi hiyo ya lazima kwa wanawake ilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyapigia kelele Harry Thuku, na ndiyo sababu wanawake walimpenda. Alipokamatwa Machi 1922, walikuwepo wengi katika umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipotaka kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea, akawaambia wachukue rinda lake wampe yeye suruali zao. Polisi walifyatua risasi. Nyanjiru aliuawa, pamoja na watu wengine zaidi ya 20. Vitabuni tunamsoma kama shujaa wa siasa, na ni kweli. Mimi naona pia kwamba wanawake wale walikuwa wakidai jambo la nyumbani kabisa: mwili wa mwanamke na siku yake visiwe mali ya shamba la mtu.

Miaka mingi ilipita. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na mwaka 1976 Kenya ikatunga Sheria ya Ajira. Sheria hiyo ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi miwili yenye mshahara kamili. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuwa na mwiba ndani yake: mama aliyechukua likizo hiyo alipoteza likizo yake ya kila mwaka. Yaani kuzaa kulihesabiwa kama mapumziko.

Mimi nilijifungua kifungua mimba wangu mwaka 1998, chini ya sheria hiyo. Mtoto alipofikisha miezi miwili nilirudi kazini. Mahali hapo sitapataja. Kufikia saa nne asubuhi blauzi ilikuwa imelowa, na mahali pekee pa kukamua palikuwa chooni. Nilikamua humo nikamwaga. Baada ya siku chache niliona haya ya kuomba ruhusa kila mara, nikaacha. Mwezi haukwisha kabla maziwa hayajapungua, na mwanangu akaanza kupewa uji mwepesi. Siku zile nilidhani mwili wangu ndio ulioshindwa.

Mwili haukushindwa, mama. Titi hutengeneza maziwa kulingana na yale yanayotolewa. Mtoto akinyonya, au mama akikamua, mwili hupokea habari kwamba maziwa yanahitajika, nao hutengeneza mengine. Titi likikaa limejaa kutwa nzima, mwili huelewa kwamba mtoto hahitaji tena, nao hupunguza. Kwa hiyo mwajiri anayemnyima mama dakika chache za kukamua anayapunguza maziwa yenyewe. Tena titi lililojaa muda mrefu huweza kuvimba na kuleta homa, na hapo mwajiri humkosa mfanyakazi kwa siku kadhaa.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tunaoufuata hadi leo: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila maji, bila uji. Mwaka 2007 Kenya ikapata Sheria mpya ya Ajira, iliyoanza kutumika Juni 2008. Likizo ya uzazi ikawa miezi mitatu kwa mshahara kamili, ule mwiba wa likizo ya mwaka ukang’olewa, na baba naye akapewa wiki mbili. Sheria hiyo inasema pia kwamba mama arudi kwenye kazi yake ileile au inayofanana nayo, na kwamba mimba si sababu ya kumfuta mtu.

Sasa fanya hesabu. Mtoto anahitaji miezi sita, likizo ni mitatu. Je, ile mitatu inayobaki ni ya nani?

Kwa miaka 10 hivi sheria haikujibu swali hilo. Wakati huo kliniki zilikuwa zikifanya kazi nzuri. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto walionyonya maziwa ya mama pekee, kati ya wale walio chini ya miezi sita, walikuwa kama 13 tu kwa kila 100. Kufikia 2008-09 walikuwa 32, na mwaka 2014 wakafika 61. Nawapongeza akina mama na wahudumu wa jamii. Lakini uchunguzi wa 2022 ulipotoka, idadi ilikuwa 60. Tulikuwa tumesimama palepale. Sababu ni nyingi, na mama wengi hawajaajiriwa kwa mshahara. Hata hivyo, mama wa kazini akielezwa na muuguzi kunyonyesha miezi sita, kisha kazi ikamwita baada ya mitatu, elimu peke yake itamsaidiaje?

Sheria ya Afya ya 2017 ndiyo iliyojaribu kujibu. Kifungu cha 71 kinamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu au namna nyingine ya kupozea maziwa, umeme, meza ndogo na viti vya starehe. Kinaongeza kwamba chumba hicho kisiwe chooni. Niliposoma maneno hayo nilikaa kimya kidogo. Kifungu cha 72 kinampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua, usiozidi saa moja kwa jumla katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wake wa kawaida wa kula na kupumzika.

Wapo waajiri waliotekeleza. Katika baadhi ya mashamba ya majani chai huko Kericho vimewekwa vyumba vya kunyonyeshea karibu na mahali akina mama wanapochuma, ili mtoto asiwe mbali. Mwaka 2015 kampuni ya Vodafone, yenye hisa katika Safaricom, ilitangaza kwamba mama anayerudi kazini katika nchi zake zote atafanya kazi saa 30 kwa wiki kwa miezi sita na kulipwa kama wa wiki nzima. Waajiri wengi wadogo husema hawawezi, na siwalaumu wote. Hapa kwetu mshahara wa likizo ya uzazi humwangukia mwajiri mwenyewe, na wengine huogopa hata kuwaajiri wasichana. Lakini kiti, pazia na ndoo safi ya kunawia si gharama ya kumfilisi mtu.

Na wewe unayenisikiliza huku yaya akiosha vyombo, huenda nawe ni mwajiri. Sheria ya 2007 inamhusu yeye pia. Kibarua naye, akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, huanza kuhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Yaya wako akijifungua, utampa miezi mitatu, au utatafuta mwingine?

Ukikamua kazini, nawa mikono, tumia chombo safi chenye kifuniko, na usiyachemshe maziwa. Yapashe kwa kukiweka chombo ndani ya maji moto. Mahali pasipo na joto kali hukaa salama kwa muda wa saa nne, na katika jokofu hadi siku nne. Mlezi ampe mtoto kwa kikombe, si kwa chupa.

Kama u mjamzito na umeajiriwa, mwandikie mwajiri barua angalau siku saba kabla ya kuanza likizo. Taja siku utakayotoka na siku utakayorudi. Kisha ongeza swali hili kabla ya kutia sahihi: nitakaporudi, nitakamulia wapi?