Land Rover na Barabara ya Kusini

Uingereza ilitoka vitani mwaka 1945 na ushindi mkononi, lakini mafuta ya kupikia hayakutosha na chuma hakikupatikana bila kibali. Kwa ajili ya mafuta, serikali ya Waziri Mkuu Attlee ilianza mwaka 1947 kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji bandari yenye kina, ndipo ukachorwa mji mpya kwenye ghuba ya Mtwara, jirani na Mikindani ya kale. Kwa ajili ya chuma, kampuni ya Rover ilibuni gari la shambani lenye bodi ya alumini. Mfano wa kwanza ulijengwa juu ya chasisi ya Jeep ya Wamarekani, na gari lenyewe likaonyeshwa Amsterdam, Aprili 1948. Mji na gari ni marika, na vimezaliwa na uhaba ule ule.

Karanga zilikwisha mapema. Mradi ulifutwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama, na bandari ikakamilika mwaka 1954 bila mzigo iliojengewa. Reli ya Nachingwea nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu wa Kusini akabaki na mchanga, tope na korosho zake, na kwa hali hiyo Land Rover ilifaa kuliko reli.

Ile ya kwanza ilikuwa fupi, inchi 80 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ikarefushwa kidogo kidogo, hadi katikati ya miaka ya 1950 zikapatikana mbili zilizodumu: 88 na 109. Mwaka 1958 ikaja Series II, yenye mbavu zilizotuna na, muda si mrefu, injini ya petroli ya lita 2.25. Series III ilifuata mwaka 1971. Watu wengi wa rika langu wakisema Land Rover, wanaiona 109: tairi la spea juu ya boneti, benchi mbili nyuma zinazotazamana, na abiria aliyekaa karibu na mlango akila vumbi la wote. Betri ikifa, dereva alishuka na hendeli, akazungusha, akasubiri ikohoe.

Huku pwani sifa ya alumini ina kasoro yake. Bodi haishiki kutu nyekundu, lakini chasisi ni chuma, na ukungu wa chumvi wa ufukwe wa Msimbati haubagui. Pale alumini inapogusana na chuma, kwenye boliti na chini ya milango, chumvi huila alumini ikawa unga mweupe. Chini ya gari hali huwa mbaya zaidi. Fundi anayejua kazi haangalii rangi. Analala chali na nyundo ndogo, anagonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Hapo anakata, anachomelea kipande, gari linarudi kazini. Nimeona 109 ambayo sidhani ilikuwa imebaki na nusu ya chasisi ya kiwandani, na mwenyewe bado anaapa ni ile ile. Sikubishana naye.

Mwaka 1983 ikatoka 110, springi za mabapa zikapisha springi za koili. Mgongo wa abiria ulishukuru. Jina la Defender lilikuja mwaka 1990, injini za dizeli zikiboreshwa, lakini ukitazama kwa mbali ni sura ya 1948 iliyonenepa.

Kilichoipunguzia kazi huku Kusini ni barabara. Kabla ya daraja, safari ya Dar es Salaam ilikwama Ndundu, ukingoni mwa mto Rufiji, kusubiri pantoni, na masika ilikwama popote. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Lami iliyobaki kati ya Ndundu na Somanga ilichukua miaka zaidi kumalizika. Kwa lami, basi linatosha. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilileta magari mengine, na mengi ya hayo ni Land Cruiser.

Defender ya mwisho ya sura ile ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mpya ya miaka ya 2020 haina chasisi ya kugonga kwa nyundo. Bodi na fremu ni kitu kimoja, na ikigoma inataka kompyuta. Toyota wao hawakuacha. Land Cruiser ya safu ya 70, iliyoanza mwaka 1984, bado inatengenezwa ikiwa na chasisi yake ya ngazi, na kazi za mchangani zilizokuwa za 109 nyingi zimehamia kwake. Land Rover zilizosalia Mtwara ni za wenye subira, na za wenye fundi wa karibu.