Ndege za kivita: Kenya itachukua njia gani baada ya F-5?

KWA mkazi wa Magwagwa, kaunti ya Nyamira, ndege ya kivita ni kitu cha kutazamwa kwenye runinga wakati wa sherehe za kitaifa. Hata hivyo, yeye ni miongoni mwa wanaoilipia, kwa ushuru unaotozwa sukari, mafuta na muda wa maongezi ya simu. Ndiyo maana mustakabali wa ndege hizo haupaswi kuachiwa majenerali pekee.

Kenya iliagiza ndege 12 aina ya F-5 kutoka Marekani mnamo 1976. Ulikuwa mwaka wa wasiwasi. Idi Amin wa Uganda alikuwa amedai sehemu ya ardhi ya Kenya, nayo Somalia, iliyokuwa ikiota kuunganisha Wasomali wote chini ya bendera moja, ilikuwa na ndege za MiG kutoka Muungano wa Kisovieti. F-5 ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa nyepesi, rahisi kutunza na ya bei nafuu ikilinganishwa na ndege nyingine za wakati huo. Makao yake yakawa kambi ya Laikipia, mjini Nanyuki.

Miongo mitatu baadaye, serikali iliamua kununua F-5 nyingine 15 zilizokwisha kutumika nchini Jordan, kwa takriban Sh1.5 bilioni. Ununuzi huo ulizua lawama kali, wakosoaji wakidai kuwa taifa lilikuwa likinunua vyuma chakavu. Waliouunga mkono walisema marubani na mafundi tayari waliifahamu ndege hiyo, kwa hivyo fedha za mafunzo zingeokolewa.

Ndege hizo hazikukaa bure. Majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011 kupambana na Al-Shabaab, F-5 zilitumika kushambulia ngome za kundi hilo. Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, zilishambulia kambi za wanamgambo hao katika eneo la Gedo.

Lakini umri hauna huruma. Kiwanda kiliacha kuunda F-5 katika miaka ya 1980, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo vipuri vinavyozidi kuwa adimu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa ndege ya kivita, ni lazima viendelee kuundwa kila siku. Bei ya kununulia ni mwanzo tu. Kuna mafuta, matengenezo, silaha na saa za mazoezi ya rubani, gharama zinazodumu kwa miongo kadhaa.

<b>Njia tatu</b>

Njia ya kwanza ni kuzikarabati zilizopo. Brazil na Thailand zilizipa F-5 zao rada na mitambo mipya, zikazirefushia maisha. Lakini fremu ya ndege nayo huchoka, na ukarabati huahirisha uamuzi tu.

Njia ya pili ni kununua mpya. Brazil hiyo hiyo ilitangaza Desemba 2013 kuwa ingenunua Gripen 36 kutoka Sweden kwa takriban dola bilioni 4.5. Jirani yetu Uganda ilinunua ndege sita za Sukhoi Su-30 kutoka Urusi, katika mkataba ulioripotiwa kugharimu dola milioni 740 pamoja na silaha nyingine. Fedha zilitolewa Benki Kuu kabla ya Bunge kuidhinisha, jambo lililozua mjadala mkali Kampala.

Hata matajiri huelemewa. Marekani ilisitisha uundaji wa F-22 baada ya ndege 187 za kivita, ingawa awali ilipanga mamia zaidi. Nayo F-35 imekadiriwa na wakaguzi wa serikali ya nchi hiyo kuwa itagharimu zaidi ya dola trilioni 2 katika maisha yake yote, sehemu kubwa ikiwa ni utunzaji.

Njia ya tatu ni vyombo vyepesi. Januari 2017 Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya hadi ndege 12 nyepesi za mashambulizi, pamoja na mbili za mafunzo, kwa dola milioni 418. Mpango huo ulipingwa na baadhi ya wabunge wa Marekani na haukutimia. Kenya ilipata helikopta za MD 530F. Kisha vita vya Ethiopia vya 2021 vilionyesha uwezo wa ndege zisizo na rubani. Dhidi ya adui anayejificha vichakani bila ndege wala rada, vyombo hivyo vinaweza kutosha. Dhidi ya taifa lenye Sukhoi, havitoshi.

<b>Swali la wananchi</b>

Basi swali la kwanza si ndege gani, bali adui gani. La pili ni gharama ya miaka 30, si bei ya dukani tu. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinadai uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma, na siri za vita hazihitaji kuficha hesabu.

Magwagwa inajua maana ya kusubiri. Mpango wa bwawa la umeme kwenye Mto Sondu, unaobeba jina la eneo hilo, umezungumzwa kwa miongo kadhaa, na kufikia 2023 ulikuwa bado haujajengwa. Si kwamba kila shilingi ya ndege ingekuwa ya bwawa. Nchi isiyoweza kujilinda haiwezi kulinda hata mabwawa yake. Lakini anayesubiri umeme ana haki ya kuonyeshwa hesabu zote mbili kabla ya sahihi kutiwa.